Gari la Turbo Likimisi, Uliza Kwanza Ni Wakati Gani

Jumamosi moja asubuhi kijana mmoja aliniletea Forester ya turbo kutoka Ruiru. Aliiegesha chini ya mparachichi, akafungua mlango wa nyuma na kunionyesha katoni iliyojaa vitu alivyonunua na alivyong'oa kwa muda wa miezi miwili: seti mbili za plagi, koili nne, pampu ya petroli na sensa ya oksijeni. "Fundi, nimebadilisha kila kitu na bado inamisi," akasema. Nikamwuliza inamisi wakati gani. Akafikiri kidogo, kisha akajibu, "Inamisi tu."

Katoni ile ingetosha kumlipia mtoto wa bweni karo ya muhula mzima, na ndani yake hamkuwa na jibu. Nilimwomba tuketi kabla sijafungua boneti. Je, inamisi asubuhi ikiwa baridi, au ikishapata moto? Ikiwa imekwama kwenye foleni ya Githurai, au ukikanyaga ili upite lori? Siku za mvua? Siku ya kuoshwa? Tuliongea kwa muda wa robo saa, na mambo yakaanza kujitenga. Ikiwashwa iko sawa. Kwenye foleni iko sawa. Ukienda taratibu kutoka Ruiru hadi Juja, iko sawa. Lakini ukikanyaga kwa nguvu kwenye gia ya tatu au ya nne, mizunguko ikikaribia 3,000 kwa dakika, inakohoa, inashtukashtuka, na taa ya injini inaanza kupepesa. Ukiinua mguu, inatulia.

Basi ile haikuwa ikimisi tu. Ilikuwa ikimisi pale turbo inaposhindilia hewa, na jambo hilo peke yake lilitosha kuondoa zaidi ya nusu ya washukiwa. Pampu aliyoinunua haikupaswa kuwa ya kwanza kwenye orodha, na sensa ya oksijeni haikupaswa kuwamo kabisa.

Nawaandikia watu kama kijana yule, nao ni wengi kwenye barabara hii ya Thika: wenye Forester, Impreza na Legacy za turbo, wenye Golf za TSI, na sasa hata magari madogo ya familia ambayo mwenyewe hajui kuwa yana turbo mpaka siku anapoambiwa na fundi. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka minane, kwa hiyo mengi hufika yakiwa na miaka saba. Plagi huwa ni zile zile za kiwandani, mipira ya hewa imeanza kukauka, na kumbukumbu za matengenezo zimeandikwa Kijapani kama zipo. Mwenye gari huanza kuhesabu kilomita siku alipopata namba ya usajili, ilhali injini ilianza kuhesabu zamani.

Tuanze na kinachotokea mle ndani. Kila silinda hulipua mchanganyiko wake mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, hiyo ni milipuko 25 kila sekunde katika silinda moja. Kila mlipuko unataka hewa na petroli kwa kipimo, mbano wa kutosha, na cheche kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, silinda ile haisukumi, kranki inapunguza kasi kwa kitambo kidogo, nawe unauhisi mshtuko kwenye kiti. Kompyuta ya gari inauhisi pia, maana kuna sensa inayofuatilia mwendo wa kranki bila kupumzika.

Turbo huzungushwa na moshi unaotoka, kisha hushindilia hewa inayoingia. Hewa iliyoshindiliwa ni nzito, na umeme huruka kwa shida zaidi katika hewa nzito. Koili inapaswa kutoa nguvu kubwa zaidi ili cheche ivuke mwanya ule ule wa plagi. Nguvu isipotosha, cheche haitoki. Na umeme ukipata njia rahisi kuliko ule mwanya, kama ufa kwenye mpira wa koili au mstari wa masizi kwenye kauri ya plagi, utapita huko. Ndiyo maana gari linanguruma vizuri limesimama, fundi analisikiliza na kusema liko sawa, kisha linamwaibisha mwenyewe mbele ya lori. Kamba hukatikia pembamba, na presha ya turbo ndiyo inayoivuta kamba. Mpira wa hewa wenye ufa nao hufumbata vizuri injini ikiwa haina mzigo, na hufunguka presha inapopanda.

Kabla ya kufika kwenye tiba, kuna onyo ambalo ningependa lisomwe mara mbili. Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, una nafasi ya kufika nyumbani na kupanga. Ikipepesa, injini inamisi kiasi cha kuharibu vitu vingine wakati huo huo. Petroli ambayo haikuungua huingia kwenye eksosi na kuungulia ndani ya kataliti, ile mashine ya kusafisha moshi. Kataliti hupata joto kupita kiasi, vijitundu vyake huyeyuka, na njia ya moshi huziba. Baadhi ya Subaru za turbo za mwanzo wa miaka ya 2000 zina kataliti ndogo iliyowekwa kabla ya turbo. Hiyo ikivunjika, vipande vyake huenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo yanayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Petroli nyingine huteremka kwenye kuta za silinda, huosha oili, na kuchanganyika na ile oili inayolainisha turbo. Kwa hiyo taa ikipepesa ukiwa kwenye barabara kuu, inua mguu, toka kwenye njia za kasi na uingie barabara ya pembeni kwenye njia ya kutokea iliyo karibu. Usijaribu "kuisafisha" kwa kuikanyaga. Nimeona turbo nzima zikifa kwa ushauri huo.

Sasa, ule wakati. Gari likimisi asubuhi tu kwa sekunde chache kisha likatulia, tazama maji ya radieta. Yakipungua bila kuonekana yanakovujia, huenda yanapenya kwenye silinda usiku kupitia gasketi ya kichwa. Likimisi siku za mvua, au saa moja baada ya kuoshwa, shuku maji kwenye visima vya plagi na kwenye soketi za koili. Hapa kwetu jambo hili ni la kila wiki. Ukipeleka gari kuoshwa, iwe ni Kamakis au Makongeni, vijana watakuuliza kama waoshe na injini, kisha waielekeze bomba la presha. Wakatalie. Injini ya turbo hufutwa kwa kitambaa na brashi, soketi zikiwa zimefunikwa. Kama imeshaoshwa na inamisi, toa koili, kausha visima kwa hewa ya kompresa, ziache zikauke, kisha rudisha. Usinunue chochote siku hiyo.

Likimisi likiwa limesimama na kunguruma, lakini likavuta vizuri barabarani, tafuta hewa inayoingia kinyemela baada ya sensa ya hewa: mpira mdogo uliopasuka, gasketi ya mirija ya hewa, au kizibo cha oili kisichokaza. Likimisi linapokanyagwa tu, kama lile la kijana wa Ruiru, anza na plagi, kisha koili, kisha mipira mikubwa ya turbo, kisha petroli. Ninafuata mpangilio huo kwa sababu unaanzia kwa vitu rahisi kukagua na vinavyokosea mara nyingi.

Kompyuta yenyewe inaweza kukujibu swali la wakati, na watu wengi wanaupoteza ushahidi huo kwa mikono yao. Inapoandika msimbo wa kumisi, huhifadhi pia hali ya gari ilivyokuwa wakati ule: mizunguko, mwendo, joto la maji, na mzigo wa injini. Fundi akichomeka kidude chake na kubonyeza kufuta kabla ya kusoma hayo, amefuta kila kitu. Mwambie asome kwanza, nawe piga picha ya kioo kwa simu yako. Msimbo P0300 maana yake silinda zaidi ya moja zinamisi bila mpango. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Ukiona na P0171, mchanganyiko una petroli kidogo mno. P0172, umezidi petroli. P0299, turbo haifikishi presha inayotakiwa. Na P0303 haisemi kwamba koili ya tatu imekufa. Inasema silinda ya tatu haikusukuma. Sababu ni kazi yako kuitafuta. Ukiwa na gari la soko la ndani la Japani la mwanzo wa miaka ya 2000, vile vidude vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu mara nyingi havielewani nalo, kwa hiyo tafuta fundi mwenye mashine inayoijua lugha ya gari hilo.

Kwenye Subaru, hakikisha mnahesabu silinda sawasawa. Namba 1 na 3 ziko upande wa kulia wa gari, yaani upande wa dereva hapa kwetu, na 2 na 4 ziko kushoto. 1 ndiyo iliyo karibu na radieta upande ule wa kulia. Fundi akisimama mbele ya gari akiitazama injini, namba 1 iko mkono wake wa kushoto. Nimeletewa magari ambayo koili ya silinda nzima ilibadilishwa na ile mbovu ikaachwa pale pale kwa kosa hili tu.

Tulipotoa plagi za yule kijana, jambo la kwanza lilijitokeza kabla hata ya kuzisafisha. Zilikuwa mpya, na mwanya wake ulikuwa milimita 1.1. Alikwenda dukani akaomba plagi za Forester, akapewa plagi za Forester, ila za Forester isiyo na turbo. Muuzaji hakuuliza, naye hakujua kwamba kuna tofauti. Injini nyingi za petroli zenye turbo hutaka mwanya kati ya milimita 0.6 na 0.8. Ukiuongeza hadi 1.1, cheche itaruka vizuri kwenye foleni na itashindwa turbo ikianza kazi. Kwa hiyo ukienda dukani usitaje jina la gari peke yake. Taja namba ya injini na useme ina turbo. Bora zaidi, beba plagi ya zamani na namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kisha pima kila plagi mpya kwa geji ya kupimia mwanya kabla ya kuifunga, maana boksi likianguka dukani mwanya hubadilika. Zile za iridiamu zina ncha nyembamba kama sindano. Ukiingiza chuma kuipanua au kuibana ovyo, utaivunja. Usikubali kabisa plagi zisizo na boksi zinazouzwa mojamoja kwa bei ya kutupwa. Kuna bandia sokoni ambazo nembo yake ukiisugua kwa kidole inafutika.

Kuna pia suala la joto la plagi. Kwa plagi za NGK na Denso, namba kubwa ni plagi baridi zaidi, inayopoteza joto haraka. Kwa Bosch ni kinyume chake. Injini ya turbo ikipewa plagi ya moto mno, ncha yake huwa kaa la moto linalowasha mchanganyiko kabla ya cheche, na pistoni ndiyo inayolipa.

Jifunze kuisoma plagi iliyotumika, kwani inasema mengi kuliko mashine. Kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi au hewa inayopotea. Ikiwa imelowa petroli, haikuwaka kabisa. Ikiwa na oili, tazama kama oili iko kwenye nyuzi tu, ambapo imeshuka kutoka kwenye mipira ya visima vya plagi, au iko kwenye ncha, ambapo inatoka ndani ya silinda. Nyeupe yenye malengelenge au chembe ndogo za kung'aa ni habari mbaya: silinda ilikuwa na joto kupita kiasi na imeanza kugonga. Rangi nyekundu ya matofali huachwa na baadhi ya dawa za kuongeza nguvu ya petroli. Na ukiona mstari mweusi mwembamba kama unywele ukipanda kwenye kauri nyeupe, umeme ulikuwa ukipita hapo nje. Itupe, na uikague koili yake pia.

Funga plagi injini ikiwa baridi. Anza kwa mkono mpaka ikae, kisha malizia kwa spana ya kupimia nguvu. Kwa Subaru nyingi zenye injini ya EJ ni karibu Nm 21. Kichwa ni cha aluminiamu, na nyuzi zikiharibika hapo, gharama yake itakufanya uzisahau plagi.

Koili hupimwa kwa kuhamishwa. Msimbo ukisema silinda ya 1, chukua koili ya 1 uiweke silinda ya 3 na ya 3 uilete 1, futa msimbo, endesha gari katika hali ile ile inayolifanya limisi. Msimbo ukihamia P0303, koili ni mbovu na umetumia dakika 20 bila shilingi. Ukibaki P0301, hamisha plagi kwa namna hiyo hiyo, kisha injekta. Ila badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichoponya. Na mkataze fundi kung'oa koili injini ikiwaka ili asikilize ni silinda gani imekufa. Umeme wa pale unaweza kumdhuru, koili yenyewe inaweza kuungua, na petroli isiyoungua inamwagika kwenye kataliti. Akitaka kusikiliza, atoe soketi za injekta, moja baada ya nyingine.

Tulimwekea kijana plagi sahihi. Gari likavuta vizuri zaidi, na ule mshtuko mkubwa ukaisha, lakini akikanyaga mpaka chini bado lilikohoa mara moja moja, na sasa niliona moshi mweusi kwenye kioo. Gari linaweza kuwa na makosa mawili, na la kwanza likawa limeficha la pili. Wengi hukata tamaa hapa na kusema plagi hazikusaidia kitu, wakati zimemaliza nusu ya kazi.

Moshi mweusi turbo ikisukuma una maana yake. Sensa huipima hewa kabla ya turbo, na kompyuta hutoa petroli kwa kipimo hicho. Hewa ikivujia njiani kati ya turbo na injini, petroli ya hewa ile inakuja ilhali hewa yenyewe haipo, na mchanganyiko unazidi petroli mpaka unashindwa kuwaka. Njia ya kulipata tundu ni ile ile ya fundi wa baiskeli. Chukua kizibo cha bomba la plastiki kinachoingia kwenye mpira wa kuelekea turbo, kitoboe, kitie vali ya tairi, ukifunge kwa klampu kwenye mdomo wa mpira huo baada ya sensa ya hewa, ili presha isiiguse sensa. Injini iwe imezimwa. Ziba na mpira wa kupumulia oili. Ingiza hewa ya kompresa pole pole mpaka psi 10, usizidi 15, na usisimame mbele ya kizibo, kwani kikichomoka kinaruka kama jiwe la manati. Kisha paka povu la sabuni kwenye kila kiungo: mdomo wa turbo, pande zote za intakula (kile kipoza hewa ya turbo), vali ya kuachia hewa, vimpira vidogo vya presha. Kwenye Forester ile povu lilitoa mapovu chini ya klampu ya intakula, mahali ambapo jicho lisingefika. Mpira ulikuwa na ufa wa kama sentimita mbili, na ulifunguka ukivutwa na presha tu.

Hapo nilimwuliza kuhusu ile vali ya kupiga filimbi aliyofunga. Vijana wanaipenda sauti ile, naelewa. Lakini kwa gari linalopima hewa kabla ya turbo, hewa inayotupwa nje ilishapimwa na kuwekewa petroli. Kila ukibadilisha gia, unaipa injini petroli isiyo na hewa yake, inakohoa na wakati mwingine inazimika. Rudisha vali ya kiwandani inayorudisha hewa ndani. Yeye alikubali, ingawa si kwa furaha.

Jambo moja ambalo vitabu vya magari havitakuambia ni kwamba Thika iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ruiru juu kidogo. Hewa hapa ina presha pungufu kwa karibu asilimia 16 kuliko Mombasa. Fundi akipima mbano wa silinda, geji itasoma chini ya namba ya kitabu hata injini ikiwa nzima, kwani kitabu kiliandikwa kwa usawa wa bahari. Injini ambayo ingesoma psi 150 Mombasa itasoma kama 125 hapa. Nimewahi kuletewa gari ambalo mwenyewe ameambiwa injini imekwisha, kumbe silinda zote nne zilikuwa 125, 127, 124 na 126. Injini hiyo ilikuwa na afya njema. Tazama uwiano: silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, hapo kuna ugonjwa. Pima injini ikiwa na moto, betri ikiwa na nguvu, na kikanyagio kikiwa kimekanyagwa mpaka chini.

Ikionekana silinda moja imeshuka, usiikubali hukumu ya geji peke yake. Iingizie hewa ya kompresa vali zake zikiwa zimefungwa, na usikilize. Hewa ikisikika kwenye eksosi, vali ya kutolea moshi imeungua. Ikisikika kwenye njia ya hewa, ni vali ya kuingizia. Ikitoka kwenye mdomo wa oili, ni ringi au pistoni. Mapovu kwenye radieta ni gasketi. Kwenye injini za EJ zenye turbo, silinda ya 4 ndiyo inayojulikana kwa kupasuka kingo za pistoni zinazoshika ringi, na mara nyingi kilichozipasua ni kugonga kwa muda mrefu: petroli duni, turbo iliyopandishwa presha, au yote mawili. Mwinuko huu wa kwetu unaongeza uzito, kwani turbo inabidi ishindilie zaidi ili kufidia hewa nyepesi, na hewa hiyo hutoka ikiwa na moto zaidi.

Ndiyo maana suala la petroli kwenye gari la turbo linanikera. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli, mchanganyiko hugonga mapema chini ya presha. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua faida ya udanganyifu huo, na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, huweka alama kwenye mafuta na kuyapima vituoni. Wewe fanya lako: jaza kituo kimoja unachokiamini, shika risiti, na gari likianza kugonga au kumisi siku ya kujaza, usisubiri tangi liishe. Toa kidogo kwenye chupa angavu, mahali pa wazi mbali na moto, uone kama maji yametulia chini. Tone kwenye karatasi nyeupe likikauka na kuacha doa la mafuta, kuna kitu kimeongezwa. Baada ya hapo ndipo uende kwenye pampu na chujio.

Mawili nitayapitia haraka. Ikiwa kumisi kulianza mara baada ya kubadilisha taiming belti, rudi kwenye alama za taiming kabla ya kitu kingine. Jino moja linatosha. Na kwa injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama TSI na Forester za turbo za kuanzia 2013, petroli haioshi tena vali za kuingizia, masizi magumu hujijenga juu yake, na gari humisi asubuhi. Dawa ya kumimina kwenye tangi haifiki huko. Lazima mirija ifunguliwe na vali zisafishwe.

Kuhusu fundi wako: lipa uchunguzi kando na matengenezo. Fundi asiyelipwa kwa kutafuta atalazimika kujilipa kwa kuuza spea. Mkubaliane bei ya kupima, apime, akuonyeshe, ndipo mnunue. Omba vipuri vilivyotolewa urudishiwe. Thika ina mafundi waliofunzwa na malori. Mji huu umeunganisha malori na mabasi tangu miaka ya 1970, na masikio yao kwa turbo ni mazuri. Lakini injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mwulize fundi anapima mwanya wa plagi kwa kitu gani. Akikwambia kwa macho, tafuta mwingine.

Kujaribu gari baada ya kazi, mimi siendi kwenye barabara kuu. Huchukua njia ya kupanda Gatukuyu kuelekea Mataara, asubuhi, mwenye gari akiendesha nami nikisoma mashine. Mlima unaipa turbo mzigo wa muda mrefu bila mwendo wa hatari. Tulipanda na Forester ile gia ya tatu, mizunguko 3,000, kisha 3,500, mashamba ya chai yakianza kuonekana. Kidude hakikuhesabu kumisi hata mara moja. Nilimwambia asiuze katoni yake bado, aendeshe kilomita 500, aandike kila siku alipojaza, mvua ikinyesha, na gari lilivyokuwa, kisha arudi tuzitoe plagi tuzisome. Alirudi baada ya wiki mbili na daftari la shule la kurasa 32. Zote nne zilikuwa kahawia hafifu.